Sanduku la Asimina Nyuma ya Kioo

Garufalia hakuwa mtu wa makumbusho, na hakuona haya kusema hivyo. Maisha yake yote alikuwa amefuta vumbi la vitu vyake mwenyewe. Hakuona sababu ya kupanda basi kwenda kutazama vumbi la wengine. Lakini klabu ya wazee ya mtaa wao pale Thesaloniki ilikuwa imeandaa ziara, kiingilio bure na kahawa juu yao, na rafiki yake Olimbia alikwisha mwandikisha bila kumuuliza. Olimbia alikuwa mmoja wa wale wajane ambao mume akishazikwa ndipo wanapoanza kuishi.

"Shoga, utakaa hapo dirishani mpaka lini, kama chungu cha mrehani?" alimwambia, tayari amejipaka rangi ya mdomo. "Vaa viatu tutoke. Tukitazama vinyago na wao wakatutazama sisi, tuone nani atacheka kwanza."

Basi wakaenda. Jumba lenyewe, la tamaduni za dunia nzima, lilikuwa limefunguliwa ndani ya ghala la zamani la tumbaku karibu na bandari. Aliyewapokea ni msichana mwembamba jina lake Danai, mwenye sauti ya chini na miwani mikubwa, ndiye msimamizi wa maonyesho. Aliwaita "bibi zangu na babu zangu" na wazee wakampenda papo hapo. Aliwapitisha kwenye ngoma, kwenye mazulia, kwenye vyungu, na kila alipogeuka Olimbia alikuwa amekwisha gusa kitu kilichoandikwa kisiguswe. Garufalia alitembea nyuma polepole kwa sababu ya magoti, akiwaza maharage aliyoyaacha kwenye maji.

Ukumbi wa mwisho ulikuwa wa wafu: jinsi watu wa huku na huku wanavyowatunza waliowatangulia. Mlangoni tu, ndani ya kioo kirefu, zilisimama nguzo za mbao zenye vichwa vya mviringo, zimechongwa kwa pembetatu ndogondogo na kufungwa vitambaa vilivyopauka. Kibao kilisema zimetoka pwani ya Kenya, na kwamba aliyezitoa hajulikani. Sisi tunaojua kigango ni nini, nguzo anayosimamishiwa mzee aliyefariki ili roho yake itulie, na kwamba kigango hakitolewi na mtu mwenye akili zake, tungeinamisha macho. Olimbia hakuinamisha chochote.

"Na hawa? Wamejipanga kama wanangoja basi!"

"Nyamaza, we," Garufalia alimwambia. "Ni wafu wa watu hao."

Alisema hivyo kwa adabu tu, kama unavyompa pole mtu usiyemjua, kisha akapiga hatua kwenda kwenye kioo cha pili. Humo mlikuwa na sanduku la mbao, si refu kuliko mkono wa mtu mzima, limepakwa rangi ya buluu. Kifuniko kilikuwa wazi. Ubavuni walichorwa njiwa wawili walionenepa kupita kiasi, na chini yao, kwa herufi nyeupe zilizopanda na kushuka, jina: ASIMINA THEOHARI.

Garufalia alishika ukingo wa kioo. Wale njiwa aliwachora yeye. Ile rangi ya buluu aliinunua yeye Ujerumani, akaipitisha mipaka yote ndani ya soksi za sufu ili isimwagike. Na sanduku alilipigilia misumari Lazaros, mdogo wake, akamcheka siku ile alipomaliza kuchora: "Umemchorea mama kuku, dada!"

Asimina alikuwa mama yao.

Kule milimani kwao, katika kijiji cha Skliva, mtu hakai kaburini moja kwa moja. Baada ya miaka michache hufukuliwa, na wanawake wa nyumba yake huiosha mifupa kwa divai, huifunga kwa kitambaa cheupe, na kuiweka katika sanduku dogo ndani ya chumba cha mifupa nyuma ya kanisa. Kazi hiyo ni ya binti kabla ya mtu mwingine yeyote. Na Garufalia alikuwa na sababu yake ya kuidai. Msichana bado, alipoamua kwenda Ujerumani kufunga nyaya katika kiwanda cha taa, mama alimkataza, kisha akamwomba, kisha akanyamaza. Asubuhi ya kuondoka, mama alimgeuzia mgongo akaendelea kuchambua dengu. Hakugeuka. Garufalia aliuona tena mgongo ule kwa miaka yote ya kiwanda, mpaka habari ya msiba ilipomfikia, mazishi yamekwisha.

Kwa hiyo siku ya kufukua alikuwapo. Alipiga magoti kwenye udongo, akampokea mama kipande kwa kipande, akamwosha. Mifupa ilitoka safi, rangi ya nta, na kule kwao hiyo ni dalili kwamba marehemu amepumzika na amesamehewa. Inasemekana pia kwamba na yeye amewasamehe waliobaki. Hilo la mwisho huenda Garufalia aliliongeza mwenyewe, wala mimi simlaumu. Alirudi kiwandani mwanamke mwingine. Aliolewa na Stergios, fundi bomba, mtu mpole; walirudi nchini, wakanunua chumba na sebule, wakamlea mtoto mmoja ambaye naye alikwenda zake Ujerumani, na Garufalia hakumgeuzia mgongo. Stergios alipofariki alilia kama wanavyolia watu. Lakini mizani ya moyo wake ilikaa sawa kwa sababu ya kitu kimoja: kwamba mama yuko Skliva, ndani ya sanduku la buluu, na kwamba walipatana.

Sasa sanduku lilikuwa hapa, na ndani hamkuwa na kitu.

"Yuko wapi?" alisema.

Danai alidhani bibi anamtafuta mwenzake. "Bi Olimbia? Ameketi kule—"

"Mama yangu. Hili ni sanduku la mama yangu. Yuko wapi?"

Wazee wakasogea. Mtu fulani aliuliza kwa sauti kama bibi amezidiwa na joto. Danai alisoma jina kwenye sanduku, akamtazama Garufalia, akalisoma tena, na uso wake ukageuka.

"Bi Garufalia... lilikuja tupu. Nakuapia. Jumba lilinunua kwa mtu wa vitu vya kale, kabla sijaajiriwa mimi. Yalikuja kadhaa, yote matupu."

"Na hamkuuliza nani alikuwamo?"

"Kwetu lilikuwa..." Msichana alivua miwani. "Kwetu lilikuwa sanduku."

"Fungua kioo."

"Siruhusiwi, bibi yangu. Lazima niombe—"

"Unaruhusiwa kumwacha mama yangu wazi mbele ya watu, kifuniko juu, lakini kumfunika huruhusiwi?"

Garufalia aliinama akabusu kioo usawa wa jina. Mlinzi wa ukumbi akaja na kitambaa chake kufuta alama, mazoea ni mazoea, na Danai akamshika mkono akamrudisha. Olimbia alimshika rafiki yake kiunoni akampeleka kwenye benchi.

Hapo kwenye benchi Garufalia alimpigia simu mdogo wake. Lazaros ndiye aliyebaki kijijini. Alikuwa mtunza kanisa kwa muda mrefu, ndiye mwenye funguo, ndiye anayepiga kengele.

"Dada! Habari ya magoti?"

"Mama yuko wapi?"

"Mama? Yuko alipo. Kwani vipi?"

"Nimekaa mbele ya sanduku lake. Liko ndani ya kioo, Lazaros. Watu wanalitazama."

Kule upande wa pili ulisikika mlango ukifungwa. Alitoka nje ili mkewe asisikie.

"Sikiliza, usipandishe damu," alisema. "Unakumbuka paa la chumba cha mifupa lilipoanguka kwa theluji? Masanduku yalilowa, mengine yanaoza. Akapita jamaa na gari lake, akayapenda. Akatuambia: nipeni haya mabovu, nami nitawaletea mapya ya bati, kila mtu na lake, hayaozi, hayaliwi na wadudu. Padri akaona neema. Sote tukaona neema."

"Sote? Mimi mliniuliza?"

"Ulikuwa mbali."

Asiyekuwepo na lake halipo, ndivyo watu wasemavyo, na husemwa zaidi na wale waliokuwepo. Garufalia alishusha pumzi. "Na mama?"

"Yumo kwenye la bati. Nilimhamisha kwa mikono yangu. Yumo, dada."

Mara mbili alisema yumo, na hiyo ya pili ndiyo iliyomchoma. Alikumbuka kwamba kila alipokwenda Skliva aliambiwa ufunguo uko kwa padri, na padri ana vijiji vingine. Kwamba kila mwaka alituma koliva, ile ngano ya kuchemsha yenye sukari na komamanga ya kuwakumbukia wafu, na wifi yake ndiye aliyeingia nayo. Alijiona mjinga. Alimwona mdogo wake pia, yule mtoto ambaye yeye alikuwa akimbeba mgongoni, na hakuweza kumchukia vya kutosha.

"Jumamosi ni siku ya kuwakumbuka wafu," alisema. "Nakuja. Utanifungulia."

"Jumamosi? Watu watakuwa wengi, dada. Njoo wiki nyingine, tulivu—"

"Jumamosi, Lazaros."

Danai alimsindikiza hadi barabarani. Alisema kifuniko kitafungwa leo hii, hata kama atagombezwa. Alisema ataandika barua kuomba sanduku lirudishwe, lakini hawezi kuahidi. Garufalia alimpiga kofi dogo la upole shavuni, kama wafanyavyo bibi wa huko. "Wewe mtoto hukukosa," alimwambia. "Waliolitoa ndio waliokosa." Alipofika nyumbani aliyamwaga maharage. Hakuwa na njaa.

Jumamosi alipanda basi la alfajiri, sahani ya koliva mapajani, imefunikwa karatasi. Sukari ya juu alikuwa ameisawazisha kwa kijiko na kuandika herufi ya kwanza ya jina la mama kwa lozi. Njia nzima aliishika kwa mikono miwili. Kila kona ya mlima alijiambia kwamba Lazaros ni mzembe, lakini si mwovu, na kwamba mtu hawezi kumpoteza mama yake kama anavyopoteza mwavuli. Kisha inakuja kona nyingine, na hofu inarudi.

Wifi yake, Fotini, alimlaki kituoni kwa mabusu na maneno mengi. "Karibu wifi, umekonda! Njoo kwanza unywe kitu cha moto, supu ipo, hao wafu hawakimbii."

"Ndilo ninalotaka kuhakikisha," Garufalia akamjibu, na Fotini akaacha kucheka.

Lazaros alikuwa mlangoni mwa chumba kipya cha mifupa, kofia mkononi. Amezeeka, mabega yameshuka. Hakumbusu dada yake. Alijaribu, dada akapita. Ndani kulikuwa na saruji mbichi kwa harufu ingawa si mpya, rafu za chuma, na juu ya rafu visanduku vya bati vinavyong'aa, vyote sawasawa, kama madebe ya jibini dukani. Kila kimoja kimebandikwa karatasi yenye jina. Na wanawake wa Skliva walikuwa wamekwisha jaa, mishumaa na sahani mikononi, nguo nyeusi, kwa sababu ndiyo siku yao. Habari za jumba la makumbusho zilikuwa zimewatangulia kupanda mlima. Lazaros alimficha mkewe bure, na Fotini hakuumbwa kutunza siri.

"Kweli waliyaweka kwenye kioo, Garufalia?" aliuliza mmoja.

"Kweli."

"Na la bibi yangu umeliona?"

"Niliona la mama tu. Mengine sikutazama."

Mbele ya wote alisimama Hriso, bibi mkongwe aliyepinda hata kumtazama mtu ilimbidi ageuze shingo. Mwanawe wa pekee, Argiris, alifia jeshini akiwa hajaota ndevu sawasawa. Watu wa Skliva walimzoea Hriso akiingia chumba kile kila juma na kulikumbatia bati lake, akimweleza mtoto bei za vitu na nani ameolewa. Leo alikuwa amelishika kifuani.

"Dada," Lazaros alinong'ona, "tufungue baadaye. Tukibaki sisi wawili."

"Shusha."

Alilishusha. Bati likagonga rafu. Garufalia aliliweka kwenye meza ya mishumaa, akafungua kifuniko, akakunjua kitambaa. Mifupa ilikuwa safi, na fuvu lilikaa juu. Alilipokea kwa viganja viwili, na kwa sekunde moja moyo wake ukajaa, akasema ndani yake, mama, ni mimi. Kisha kidole gumba chake kikapanda chenyewe juu ya jicho la kushoto. Nyumbu wa mizigo alimpiga Asimina teke pale, alipokuwa bibi harusi, na mfupa ulibonyea. Garufalia alilijua bonde lile tangu anyonyeshwe, na siku ya divai kidole chake kilitulia humo kwa muda mrefu. Alitafuta. Akatafuta upande wa kulia, asije akawa amekosea. Paji lilikuwa laini kabisa.

Alimtazama mdogo wake. Lazaros alikuwa akilia bila sauti, mdomo wazi.

"Tuliwamimina kwenye turubai," alinong'ona, karibu na sikio lake, mgongo amewapa watu. "Mimi na marehemu padri. Jamaa ana haraka, mvua inakuja. Tukasema tutapanga baadaye. Majina yalikuwa kwenye masanduku, dada. Masanduku yakaondoka."

"Wote?" alisema kwa midomo tu.

"Wote. Tuligawa hivi hivi."

Hasira ilimpanda Garufalia hadi kwenye meno. Alitaka kumshika ukosi amtoe uani, awaambie watu wote: mwoneni huyu, mwoneni alichofanya. Alikuwa na haki. Mazishi ya mama aliyakosa, mgongo wa mama aliubeba, na kitu kimoja alichokuwa amekipata, hiki mjinga amekimwaga kwenye turubai. Alifungua kinywa.

"Ni yeye?" aliuliza Hriso.

Hakuna aliyekuwa akiikumbuka koliva yake. Mshumaa wa mmoja ulikuwa ukimdondokea mkononi na hakuusikia. Walikuwa wakimtazama kidole, si uso. Walijua ni nani aliyemwosha Asimina, na walijua kwamba kama kuna mtu mmoja kijijini anayeweza kumtambua wake, ni huyu. Na walichokuwa wakiuliza hakikuwa habari za Asimina. Hriso alikuwa amelibana bati kwa nguvu hata limebonyea.

"Garufalia, mwanangu. Sema. Ni yeye, au si yeye?"

"Ni yeye," alisema Garufalia. "Ni mama."

Kwanza hakuna aliyesogea. Kisha mwanamke mmoja akajifanyia ishara ya msalaba, na mwingine, na sauti zikaanza kurudi, pua zikapengwa, mtu akacheka kidogo kwa aibu. Hriso aliliinamia bati akalibusu kifuniko. "Umesikia, Argiris?" akaliambia. "Nilikwambia mimi. Nilikwambia wewe ni wewe." Lazaros alikuwa ameegemea ukuta, na kwa jinsi alivyomtazama dada yake ilikuwa wazi kwamba angependelea apigwe.

Fotini alileta divai. Garufalia aliimimina kiganjani akaliosha lile fuvu la mtu asiyemjua, taratibu, kwenye macho, kwenye taya, kwenye lile paji laini, kwa sababu watu walikuwa wakitazama, na kwa sababu nalo lilikuwa na mtu wake humu ndani anayekumbatia bati lisilo lake. Alilifunga kitambaa. Alipoinua macho aliziona rafu, bati juu ya bati, yote yanang'aa. Mama yake alikuwa katika mojawapo, pale pale, pengine usawa wa mkono. Na hakuweza kufungua hata moja, maana alikuwa amekwisha yafunga yote kwa mdomo wake.